Kovu la Ngowa

Gunga na mdogo wake Ngowa walizaliwa kando ya mto Sabaki, lakini riziki yao iko Mombasa. Gunga hupakia magunia kwenye maghala ya Mbaraki. Ngowa anauza madafu kivukoni Feri. Watu humjia kwa kiu, wakabaki kwa ajili ya mguu wake wa kushoto, ambao ulishikwa na mamba alipokuwa kijana. Kovu limeuzunguka kutoka gotini hadi kifundoni, na Ngowa hukunja suruali ili lionekane vizuri.

"Mamba hana pupa," huwaambia wateja huku akichonga dafu. "Akikuona wateka maji hapa leo, na kesho ukaja hapa hapa, keshakuhifadhi kichwani. Huzama, akaacha macho na pua tu. Na akikupata hakutafuni, hajui kutafuna. Hujibiringisha nawe majini mpaka kiungo king'oke."

"Sasa wewe ulitokaje?"

"Mungu tu. Mara nikajiona ukingoni, na kaka yangu analia."

Analia! Neno hilo lilimchoma Gunga kila alipolisikia. Ni kweli alilia, lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza alijitupa mtoni akapenyeza mkono kinywani mwa mamba, pale mguu wa Ngowa ulipoziacha taya wazi kidogo. Mjomba wao mvuvi alikuwa amewaeleza kwamba mamba mwenye windo chini ya maji huziba koo lake kwa kipande cha nyama, kama kifuniko, ili asijae maji. Gunga alikipapasa kile kifuniko, akakivuta kwa nguvu zake zote. Maji yakamwingia mamba kooni, akaachia. Mkono wa Gunga ukatoka na mikwaruzo tu, nayo ikapona bila alama.

"Yeye anasikilizwa kwa sababu ana kovu," alimlalamikia mkewe, Sidi. "Mimi sina cha kuonyesha."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Kwani yeye hakuwepo?"

Kisha mwalimu Fuad wa Mji wa Kale, mteja wa madafu, akamwalika Ngowa aje kuzungumza na wanafunzi wake kuhusu mamba. Gunga alipopata habari hakula vizuri. Siku yenyewe aliomba ruhusa kazini, akavaa shati lake jema, akaenda kukaa nyuma ya darasa. Watoto walikuwa wameachama. Ngowa alipofika pale pa kujiona ukingoni, Gunga akasimama.

"Ulijiona ukingoni vipi? Nani aliyetia mkono kwenye koo la yule mnyama?"

Msichana wa mbele akageuka. "Alikuuma na wewe? Hebu tuone."

Gunga akapandisha mkono wa shati. Ngozi ilikuwa safi, haina hata doa. Watoto wakacheka, mwalimu akawakemea.

Ngowa hakucheka. Walipotoka nje alimshika kaka yake begani.

"Kaka, mkono kwenye koo?"

"Usijifanye hujui."

"Sijui! Nilikuwa kichwa chini, nameza tope. Aliponizungusha mara ya pili nikazimia. Yote nisemayo nimeyapata kwa mama, naye alifika nishatoka, wewe walia. Hukuniambia hata siku moja."

Miaka yote hiyo Gunga alikuwa amemwonea kijicho mtu asiyejua kwamba ameokolewa.

Tangu hapo Ngowa akabadilisha simulizi yake. Gunga alipopita Feri, alimkuta amenyoosha mkono, amefumba macho, anavuta kifuniko kisichoonekana kwa nguvu hata wateja wakarudi nyuma. Aliisimulia vizuri kuliko Gunga ambavyo angeweza. Alipomaliza, watu wakampa mkono yeye Ngowa, wakaupapasa mguu wake.

"Nilitumia mkono wa kushoto," Gunga akasema kwa ukali. "Wewe umeonyesha wa kulia."

"Basi simulia mwenyewe, kaka."

Wote wakamgeukia. Gunga akakohoa. "Niliingia majini," akasema, "nikavuta, akaachia." Wakangoja. Hakuwa na zaidi, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuondoka kuiwahi feri.

Ngowa akamchongea dafu. Gunga akalinywa amempa mgongo, uso umekunjamana. Kesho yake akarudi kusikiliza.