Sahihi ni Yako, Uchafu ni wa Nani?

Tangazo la dawa ya kupunguza tumbo liliruka kwenye skrini ya mama yangu wakati bi harusi amesimama mbele yake, mikono juu, akipimwa kiuno.

Mama ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: meza ya kukatia, kioo kirefu, cherehani mbili za kawaida na moja ya kudarizi, ile inayochukua maua yake kutoka kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo alikuwa amepakua programu mpya ya kuchorea maua hayo, na hamu ilikuwa imemshika ya kumwonyesha bi harusi jinsi pindo la gauni lake litakavyopendeza. Badala ya maua likatokea tumbo. Mama akabonyeza alama ya kufunga. Likaja tangazo jingine, kubwa kuliko la kwanza: "Nguo zako zimeanza kukubana?"

"Fundi," bi harusi akasema taratibu, "ndiyo namna yako ya kuniambia?"

"Mwanangu, haki ya Mungu sijui limetoka wapi!"

Bi harusi alikwapua mkoba wake akatoka. Alifika getini akarudi, na wala si kwamba alikuwa amesamehe. Gauni la kujaribishia lilikuwa bado mwilini na pini zilikuwa zinamchoma. Mama akazichomoa moja moja, huku kompyuta nyuma yao ikiendelea kuulizia habari za nguo.

Mteja alipokwisha kwenda zake, mama akampigia simu shangazi.

"Wifi, umeniua."

"Nimefanya nini tena?"

"Si wewe uliyeniambia kabla sijaweka kitu kwenye kompyuta nitazame kama kimesainiwa? Nimetazama. Jina la mwenyewe liko pale, na sahihi imeandikwa ni halali. Sasa nimemkimbiza mteja!"

Shangazi, dada yake baba, anaishi nasi tangu nikiwa mdogo. Yeye na mama wamezoea kuitana wifi, jambo ambalo limetuletea vituko tangu tulipowekewa intaneti. Mtu akilalamika sebuleni kwamba wifi imepotea, shangazi huitikia kutoka jikoni, "Nipo!" Ni mtu wa kusoma kila kilichoandikwa. Siku aliponunua birika la umeme alikaa akasoma kijitabu chake mpaka ukurasa wa nyuma, nasi tukiwa na vikombe mkononi tunangoja chai. Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alianza kama katibu katika ofisi ambayo kompyuta zake zilijaa matangazo hadi mtu hawezi kuandika barua, akajifundisha kuyang'oa. Leo anafanya kazi kwenye tovuti moja ambayo watu hupakua programu, na kazi yake ni kuzikagua kabla hazijawekwa pale.

Mezani kwake kazini ana kompyuta kuukuu aliyoipa jina la Mgonjwa. Haikuunganishwa na nyingine yoyote. Faili geni huwekwa humo kwanza, lionekane litafanya nini, kisha Mgonjwa hufutwa kila kitu na kuanza upya. Kuna jioni alimwambia mama kwa simu akiwa kwenye basi, "Nimechelewa, Mgonjwa alikataa kuamka." Abiria wa pembeni akampa pole, akamuuliza ni nani yake.

Basi jioni ya siku ile ya bi harusi alipofika hata viatu hakuvua. Alitazama kompyuta ya mama, akachukua lile faili, na kesho yake akamwekea Mgonjwa. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepata jibu lisilompendeza.

"Wifi, hukukosea. Sahihi ni halali kabisa," akasema. "Mimi ndiye niliyekuambia nusu. Sahihi inakuambia nani amelisaini faili, na kwamba tangu aliposaini hakuna aliyeligusa. Basi. Haikuambii alichotia ndani."

"Sasa unaniambia?"

"Sasa nakuambia. Pole."

Akamwonyesha. Katika ukurasa wa tatu wa kuweka programu, chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia, palikuwa na kisanduku kilichokwisha tiwa tiki: nakubali kupokea ofa maalumu. Mama, kama watu wengi, alibonyeza Endelea, Endelea, Endelea. Programu ya maua ikaingia, na nyuma yake ikaingia ya matangazo, ikajipangia iwe inaamka kila kompyuta inapowashwa.

"Mwenye programu ni mwizi," mama akasema.

"Hatujui. Tumuulize."

Namba ilikuwa kwenye tovuti yake. Shangazi akapiga pale pale mezani, kati ya mkasi na vipande vya lesi, akafungua spika ili na sisi tusikie. Alipokea mzee mwenye sauti nzito. Programu aliitengeneza mwenyewe, akasema, kwa ajili ya mke wake anayedarizi, ndipo watu wakaipenda. Alipoelezwa shida, akawaka.

"Dada, faili hilo nimelisaini kwa mkono wangu. Haliwezi kuwa na uchafu!"

"Sahihi ni yako, sikatai. Ndiyo maana nimekupigia wewe. Kabla ya kulisaini, kuna mtu ulimpa?"

"Kuna jamaa walinifungia kifurushi, ili watu waiweke kwa urahisi. Bure kabisa, watu wema. Wakanirudishia, nikasaini."

"Ulilifungua kwanza?"

"Nilifungue la nini? Niliwaamini."

"Hebu lipakue sasa hivi kutoka kwenye tovuti yako, baba. Sisi tunakungoja."

Tukasikia kiti kinavutwa, kisha kipanya kinabonyezwa: Endelea, Endelea, Endelea. Mara simu ikajaa muziki na sauti ya mwanamke akiimba habari za tumbo bapa. Kwa mbali mtu akauliza jambo kwa ukali.

"Mke wangu," mzee akasema kwa unyonge, "anataka kujua nani anayemsema."

Mama alijitupa juu ya meza kwa kicheko. Mzee naye akaanza kucheka, shangazi akafuata.

Kicheko kilipotulia, mzee akaahidi kutengeneza kifurushi kipya kwa mikono yake. Ila akaomba jambo moja: lile faili la zamani lisitangazwe kuwa baya, jina lake lisichafuke. Shangazi akakataa. Waliokwisha kulipakua wangejuaje? Mzee akakata simu bila kuaga.

"Wifi, ungemhurumia mzee wa watu," mama akasema.

"Namhurumia. Onyo ni la faili, si lake."

Lakini usiku huo alikula kidogo, nikajua limemkaa rohoni. Aliandika onyo hata hivyo. Siku chache baadaye mzee akapiga mwenyewe. Alikuwa ameweka maelezo kwenye tovuti yake, bila kuficha kitu, na watu walikuwa wanamwandikia kumshukuru. Faili jipya lilikuwa tayari. Shangazi akamwekea Mgonjwa, akalichungulia kila pembe, hakuona mgeni yeyote.

Aliyebaki alikuwa bi harusi. Mama alimfuata kwake, akamweleza yote, mpaka habari ya mke wa mzee. Hiyo ndiyo iliyomrudisha. Alikuja na kompyuta yake mwenyewe kwapani, akamkabidhi shangazi aikague, akaketi kando ya mama kuchagua maua. Walichagua madogo ya asumini.

"Shangazi," akauliza wakati wa kuondoka, "na mchumba wangu unaweza kumkagua?"

"Ameshasaini?"

"Bado. Ni Jumamosi."

"Basi una nafasi. Soma yale maandishi madogo ya chini."

Jumamosi tulialikwa sote watatu. Pindo lilikuwa linang'aa, bwana harusi alisaini, na mama alizunguka ukumbi mzima akiwaambia watu kwamba hata pini moja haikubaki kwenye gauni.