Mama Yolande na silinda ya mara ya mwisho

Ukifika Nchelenge, kwenye ufuko wa ziwa pale wanapouza samaki, uliza mutu yeyote ni nani anajua moteri za mitumbwi. Hatakuonyesha kwa kidole tu, atakupeleka mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha mabati cha Mama Yolande, kwa sababu watu wa pale wanaona sifa kusema wanamujua. Ni mama wa miaka arobaini na sita, mufupi, mwenye mikono ya kubeba magunia. Na mudomo wake, wacha tu.

Zamani alikuwa anavusha chumvi na vitenge kati ya Kilwa, kule Kongo, na huku Zambia. Mwezi mumoja moteri ya mutumbwi iliwazimikia katikati ya ziwa mara tatu, na kila mara wanaume waliifungua, wakaipiga, wakaomba Mungu, wakaifunga. Mara ya nne aliwaambia wakae pembeni. Hakujua kitu, anakiri mwenyewe, lakini alitaka kuona kwa macho yake kitu gani kinamunyima usingizi. Tangu siku ile hakuacha tena. Mwaka 2017, alipovuka kukimbia vita na kupokelewa kambi ya wakimbizi ya Kenani, alikuwa na nguo mbili na mufuko wa spana. Shamba walilomupa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala analo mpaka leo, na mihogo yake ni mizuri, lakini kulima kwake ni kwa asubuhi tu.

Anasikiliza moteri kwa mwiko wa bukari, ule wa kusongea ugali. Ndiyo, mwiko. Anaweka ncha moja kwenye chuma, nyingine kwenye sikio, anafumba macho, na hapo usimusemeshe. Webby, fundi wa pikipiki wa pale sokoni, alimucheka mwaka mzima, halafu siku moja akaonekana na mwiko wake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa, mwezi wa kwanza ziwa linakuwa limefungwa, samaki wanaachwa wazae, na mitumbwi inalala juu ya muchanga. Kazi inakufa. Ni katika wakati huo Thelma alifika, nesi na mukunga wa zahanati moja ndogo huko ndani, upande wa Puta, akileta pikipiki juu ya lori la makaa. Ilikuwa pikipiki ya matope, ya zamani, ya moteri ile inayochanganyiwa oili ndani ya esanse, yaani petroli, kama za mitumbwi. Haikuwa na nguvu hata ya kujipandisha kilima, na moshi wake ulikuwa wa kufukuza nyuki. Wakubwa wake walimwambia Thelma aitupe, na kwamba nyingine haitakuja. Lakini ana vijiji saba, na mvua ikinyesha hakuna gari linalofika hata kimoja. Alikuwa amezunguka kwa mafundi wote wa pikipiki, na wote walimwambia moteri ya namna hiyo ni ya mitumbwi, aende ziwani.

Mama Yolande aliivunja yote siku ile ile, kipande kwa kipande, juu ya kitenge. Pistoni ilikuwa imelika, ikawa inacheza ndani ya silinda kama muguu wa mutoto ndani ya kiatu cha baba. Halafu akageuza silinda kwenye mwanga na akapitisha kidole ndani. Ilikuwa imekwisha kuchongwa na kupanuliwa mara tatu. Ilibaki mara moja tu. Baada ya hapo chuma kinakuwa chembamba, hakikubali tena.

Akamwambia Thelma bila kuzunguka, akimwita nesi kwa heshima ya huko. "Ba nasi, hii ni mara ya mwisho. Ikiharibika tena, hakuna fundi wa kukusaidia, hata mimi."

Thelma alimwambia aendelee, kwani kutembea kwa miguu alikuwa ameshaanza.

Pistoni mupya, ya kipimo kikubwa kuliko vyote, ilitoka Lubumbashi ndani ya gunia la viatu. Silinda ilikwenda Mansa kuchongwa na ikarudi inang'aa. Mama Yolande alipasha vifuniko vya moteri juu ya mbabula ya makaa, polepole, mpaka beringi mupya zikaingia zenyewe bila nyundo. Mwanya wa ringi za pistoni aliupima kwa nyembe tatu za kunyolea zilizobanwa pamoja: zikipita zote kwa kukwaruza kidogo, ni sawa. Webby alikuwa anatazama kila siku, na alisema kwa watu wa sokoni kwamba hajawahi kuona kazi safi namna ile. Mama Yolande hakuwepo alipoyasema, lakini aliyasema.

Siku ya kuiwasha, Thelma alikuja na nusu ya soko ikamufuata. Iliwaka kwa teke la tatu, watu wakapiga vigelegele. Na hapo Mama Yolande akafanya kile anachofanya na kila moteri mupya ya mutumbwi. Moteri ya mutumbwi ukiitengeneza unaitia ndani ya pipa la maji na kuiacha ingurume taratibu saa nzima, izoee mwili wake. Basi akaegemeza pikipiki kwenye pipa lile lile, akaiacha ingurume, akakaa na mwiko wake sikioni. Webby alimwambia naona inapata joto sana. Mama Yolande alimupungia mukono anyamaze. Dakika chache baadaye sauti ikakaza, ikalia kidogo, ikakatika mara moja. Teke la kuwashia halikushuka tena, pistoni ilikuwa imeshikana na silinda.

Ee, ile aibu. Watu walitazama chini, kila mumoja akatafuta shughuli ya kwenda kufanya. Mama Yolande alisimama, akaangalia zile mbavu za alumini zilizozunguka silinda, na akaelewa. Moteri ya mutumbwi inapozwa na maji ya ziwa, inaweza kusimama pale pale siku nzima. Hii inapozwa na upepo wa kukimbia, na yeye alikuwa ameifunga kwenye pipa kama mbuzi.

Angeweza kusema pistoni ya Lubumbashi ni mbovu. Ni wangapi wangesema hivyo, na nani angebisha? Yeye aligeuka kwa Thelma, mbele ya watu wote, mbele ya Webby. "Kosa ni langu. Webby alinionya, nikamukatalia."

Thelma alikaa chini juu ya kiti cha mutumbwi, akajifunika uso kwa mikono.

Mama Yolande alifungua kichwa cha silinda, akaichomoa silinda kutoka kwa pistoni. Chuma cha silinda hakikuwa na mukwaruzo wa ndani. Kilichokuwepo ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kuganda ukutani, alama mbili ndefu. Kuikwangua ni kuharibu kipimo, na kuchonga tena haiwezekani. Alikaa anaitazama mpaka akajiuliza swali ambalo fundi mwanaume pengine asingejiuliza: kwa nini mama yake alikuwa anampiga alipopikia sabuni ndani ya sufuria ya alumini? Kwa sababu magadi makali ya sabuni, ile sude, yanaitafuna alumini mpaka sufuria inatoboka. Pipa la chuma la kupikia sabuni hayaligusi.

Alituma kwa wamama wapika sabuni wamuletee sude. Akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akachovya kwenye sude kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, na akapaka juu ya zile alama tu, tone kwa tone, akisuuza kila mara ili magadi yasifike kwenye mbavu. Ilitoa povu. Ilipoacha kutoa povu, akafuta, na chuma kilikuwa safi, kimeng'aa kama kilivyotoka Mansa. Webby alishika silinda, akaigeuza, akamurudishia kwa mikono miwili. Pistoni wakailainisha na musasa, pamoja sasa.

Safari hii hakuna kuingurumisha imesimama. Thelma ataiendesha mpaka kwake, Mama Yolande nyuma yake na mwiko: kwenda taratibu, kusimama, kuipumzisha, na kutofungua esanse kupita robo mpaka matanki mawili yaishe, isije ikashikana tena. Walitoka alfajiri, mvua ikiwa imekatika. Kila walipopita vijiji vichache, Mama Yolande alimugonga Thelma begani, wakasimama, akagusa mbavu za silinda kwa kiganja.

Kilomita kama nane kabla ya zahanati walikutana na baiskeli inayosukumwa. Juu yake alikuwa Chabu, binti aliyebeba mimba ya kwanza, na mama mukwe wake akiisukuma katika matope. Damu ilikuwa imefika kwenye kitenge. Thelma alimushika tumbo, akainua macho kwa Mama Yolande, maana kukimbia kungeweza kuimaliza silinda ile.

Mama Yolande alishuka. Alimusaidia Chabu kukaa mahali pake, akamufunga na Thelma kwa kitenge chake mwenyewe.

"Ifungue," alisema. "Yote."

Pikipiki ikaondoka ikitupa matope. Mama mukwe alishika mukono wa Mama Yolande, akamuuliza kama itafika. Mama Yolande, mudomo wote ule, alimwambia tu asubiri asikie. Walisimama wawili katikati ya barabara. Ilipanda kilima cha kwanza, ikabadilisha gia, ikashuka, ikapanda tena. Moteri inayoshikana inakatika mara moja, hilo alilijua sasa kuliko mutu yeyote wa ziwa lile. Hii haikukatika. Ilipungua, ikapungua, ikawa nyembamba kama mbu, na yeye alikuwa bado anaisikia wakati yule mama hasikii kitu tena na ameanza kulia.

"Usilie," alimwambia, na mwenyewe machozi yalikuwa yanamushuka. "Bado inakwenda."