Mkate Uliolazwa kwa Ajili ya Bertha

Saa tisa alasiri, siku moja kabla ya Krismasi, Raheli Hezekia ameketi kwenye kigoda jikoni kwake, juu kidogo ya Soni, akipanga vipande vya mkate katika sufuria pana.

Mkate wenyewe ni wa juzi, umekauka. Anaupaka siagi, anatandaza ndizi mbivu, anaweka mkate tena, mpaka sufuria inakaribia kujaa. Kisha anamimina maziwa aliyoyapiga pamoja na mayai, sukari na mdalasini kutoka Muheza. Anafunika kwa sahani, anaweka jiwe juu yake, na kuisogeza sufuria dirishani, upande unaoingia baridi ya mlima.

"Usiku mkate unakunywa maziwa," anasema. "Asubuhi kazi yangu ni moto tu, juu na chini. Watu wakirudi kanisani wanakuta chakula."

Hapa kijijini unaitwa mkate wa kulaza. Halima, jirani yake aliyechuma chai miaka mingi kabla ya magoti kumkatalia, husema mkate huo unalala vizuri kuliko mwenye nyumba.

Raheli, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni mpishi katika nyumba ya wageni huko Lushoto. Aliingia jikoni humo miaka kumi kabla ya Uhuru, akiosha masufuria, na mapishi haya aliyaiba kwa macho. Leo, mwaka 1973, analipwa shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi. Siku mbili kwa wiki hulima kwanza shamba la kijiji pamoja na wenzake, ndipo anaoga na kwenda kupika.

Mwaka huu sukari imeadimika. Duka la kijiji linatoa nusu kilo kwa kila nyumba, na foleni yake inamaliza asubuhi nzima. Ya mkate huu ameiweka akiba kijiko kwa kijiko tangu Oktoba, akinywa chai bila sukari.

Anamfanyia nani kazi yote hiyo? Raheli ni mjane, na mtoto alikuwa naye mmoja, Yohane. Kila Krismasi Yohane alikuja na mkewe Bertha na watoto wao wawili, Marta na Rubeni, kutoka nyumba ya pili tu, hatua thelathini. Yohane alipenda kingo zilizoungua. Alizikwangua kwa kisu mpaka mama yake akamwambia atakula na sufuria.

Mwezi wa Juni, Yohane aliangukiwa na mti msituni, alikokuwa akikata magogo. Alikuwa amekwenda huko ili apate fedha ya mabati ya kuezekea nyumba yake. Bati nane zilikuwa zimekwisha pigiliwa. Upande wa pili wa nyumba bado una nyasi.

Siku ya maziko, mbele ya waombolezaji wote, Raheli alimgeukia mkwewe. Anayarudia maneno hayo taratibu, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

"Nilimwambia, 'Wewe umepata bati, mimi nimekosa mtoto.'"

Matanga yalipoanuliwa Bertha alifunga mizigo, akawachukua watoto na kurudi kwa baba yake, kijiji cha Bungu. Miezi sita imepita. Raheli hajamwona yeye wala wajukuu.

Wiki iliyopita alimpa ujumbe Hassani, dereva wa lori la mboga, aliyekuwa akipita upande huo. Amwambie Bertha kwamba mkate utalazwa kama kawaida, waje wale pamoja. Hassani alirudi na jibu moja: Bertha amesema amesikia.

"Kusikia si kukataa," anasema Raheli, na kuifuta meza ambayo tayari ni safi.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kengele ya kwanza, anapanga makaa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko cha bati. Halima anabaki kuulinda moto. Kanisani Raheli anakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na kila mlango unapolia anageuza shingo. Mchungaji anapowaita watu waombe kimya, yeye ndiye wa mwisho kuinua kichwa.

Anaporudi, mkate umeumuka na kuwa na rangi ya asali. Harufu ya mdalasini imefika njiani. Anatandika kitambaa, anaweka vikombe vinne, cha tano cha Halima. Basi kutoka Bumbuli, ambalo watu wa Bungu hulipanda, hufika Soni saa nne. Saa tano, watu walioshuka wamekwisha kupita na vikapu vyao, wakasalimia, wakaendelea na safari. Saa sita mkate umepoa na kushuka katikati.

Halima ndiye anayekata vipande viwili. Anakula chake polepole. Kisha anasema bila kumtazama mwenzake.

"Mama Yohane, mkweo ulimsema kaburini kwa mdomo wako mwenyewe. Msamaha ukampa Hassani aubebe pamoja na kabichi."

Raheli hakasiriki. Baadaye anaeleza kwamba desturi anaijua tangu utotoni. Kwa Washambaa, aliyetamka neno baya ndiye anayebeba miguu yake kwenda kwa aliyemkosea, akaliondoe kwa kinywa kilekile, mbele ya mtu aliyelisikia. Haendi mtu wa kutumwa, wala hamwiti aliyekosewa aje mezani.

"Nilijua," anasema. "Nilidhani mkate ungenisemea. Niliogopa baba yake asinifungulie mlango."

Halima anamjibu kwamba mlango usipofunguliwa watakaa nje wote wawili, na magoti yake yamezoea baridi. Yeye alikuwapo kaburini, alisikia, basi atakuwa shahidi.

Wanapanga safari palepale. Kesho Raheli ataomba ruhusa ya siku mbili kazini. Keshokutwa, Alhamisi, watapanda gari mpaka Bumbuli, kisha watatembea hadi Bungu, na Halima atapumzika kila atakapotaka. Raheli hatabeba mkate. Mtu anayekwenda kuomba radhi, anasema, asiingie na chakula mkononi, wenyeji wakaona haya kumkataa.

Hatawaomba Bertha na watoto warudi, ingawa usiku na mchana hilo ndilo ombi lake kwa Mungu. Anataka Marta, mwenye miaka saba, awe amesimama pale na kusikia, kwa kuwa siku ya maziko alikuwa ameshika gauni la mama yake na alisikia yale ya kwanza.

Lipo jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote, hata mchungaji. Analisema sasa, Halima akiwa mlangoni.

"Bertha hakuomba bati. Alisema nyasi zinatosha. Ni Yohane aliyetaka bati, akaja kwangu kwanza kuniuliza kama aende msituni. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwombea, nikamwambia nenda."

Anavuta pumzi.

"Hilo ndilo nitakalolisema Bungu."