Mchanga Kaburini mwa Baharia

Asubuhi, juu ya kijiji cha Aetorahi, Stamatia Vlahou amepiga magoti makaburini akisugua fuvu kwa divai nyekundu. Bahari inaonekana chini kabisa, ng'ambo ya mizeituni. Ana miaka sitini na tisa, na kazi hii aliirithi kwa mama yake.

Mlimani pa kuzikia ni padogo. Maiti akishalala miaka kadhaa hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa divai na kuwekwa ndani ya kanisa dogo, kaburi akapewa mwingine. Stamatia hulipwa mafuta ya zeituni na jibini. "Pesa nitamdai nani? Hawa wote ni watu wangu," anasema.



Mwezi uliopita alikuwa akimfukua Thanasis, baharia aliyerudishwa kutoka ughaibuni ndani ya sanduku la bati lililochomelewa. Mjane wake, Kalliroi, alisimama kando ameshika taulo nyeupe. Stamatia akalipasua bati. Ndani mlikuwa na magunia.

"Nilidhani macho yangu yamezeeka," anasimulia. "Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mchanga mtupu."

Kalliroi hakulia. Aliuliza tu, "Shoga yangu, mimi miaka yote hii nilikuwa namlilia nani?" Kisha akavua kitambaa chake cheusi, akakiacha palepale kwenye udongo.

Jioni ileile Pandelis, aliyefanya kazi na marehemu melini, aligonga mlango wa mjane. Stamatia alikuwepo.

"Wimbi lilimchukua, shemeji," Pandelis alisema huku akitazama sakafu. "Tulimtafuta, hatukumpata. Tukaona vibaya kukurudia mikono mitupu."

"Ukabeba mchanga mpaka huku mlimani," Kalliroi akamjibu, "halafu ukaketi mezani kwangu ukala chakula cha matanga." Akamfungulia mlango atoke.

Kasisi ameagiza kaburi apewe mwingine. Stamatia amekataa kushika koleo mpaka Kalliroi aseme mwenyewe anataka nini. Humpelekea supu, siku nyingine hufunguliwa mlango, siku nyingine huiacha kizingitini.

Kazi hataiacha. Ila ameshamwambia kasisi kwamba sanduku lolote litakaloletwa limefungwa, atalifungua kwanza, ndipo lizikwe.

"Watanitukana, najua," anasema, akiliweka fuvu juani likauke. "Wanitukane. Nataka kila anayelia hapa awe anamlilia mtu."