Kigari Kilichokwama Lamadi

Mume wangu alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza hewani kwa kupenda tu, na hapa Bariadi jambo hilo lilimfanya aonekane kama mtu anayefuga mamba. Watu walimheshimu bila kujua kwa nini. Alisimamisha antena juu ya paa kwenye bomba la maji, sebuleni akaweka redio yenye taa ya kijani, na ndani ya pikapu yake akafunga kiboksi kilichotangaza chenyewe, kila baada ya dakika chache, mahali gari lilipo. Kituo chochote cha redio kilichomsikia kilipeleka habari hiyo kwenye mtandao. Nami nikifungua ramani kwenye simu, naona kigari kidogo chenye herufi zake za redio kinatambaa. Niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa siku ya kwanza. Kigari kikifika Migato, nabandika maji ya ugali.

Alifia hospitali, Mwanza. Mdogo wake akaenda kumchukua kwa pikapu hiyohiyo. Mama mkwe wangu alikuwa na ombi moja tu: mwanawe akifika, amkute amesimama njia panda. Gari likishaingia uani wanaume hulizunguka, na yeye ni mfupi, hatamwona. Ila magoti yake hayawezi kusimama juani muda mrefu. Na simu ya shemeji ilikuwa imezimika, pole za ndugu zimeimaliza chaji. Nikamwambia, "Mayu, wewe kaa tu. Wakikaribia nitakuambia."

Nikakaa naye mkekani, simu mkononi. Rafiki wa mume wangu mwenye kituo chake Mwanza alikuwa analisikia gari mpaka Lamadi. Kuanzia hapo ilikuwa zamu ya redio yetu ya sebuleni. Kigari kikapita Magu vizuri. Kilipofika Lamadi kikasimama, tena kikasimama sana.

"Anakula sato huyo," akasema wifi yangu mkubwa.

"Na maiti nyuma?" nikauliza.

"Mdogo wangu namjua. Akinusa samaki wa kukaanga, hata gari la bibi harusi atalisimamisha."

Wanawake wakacheka ndani ya kanga zao. Nami nilicheka, sioni sababu ya kuficha. Mmoja akasema hata marehemu mwenyewe asingekubali wapite Lamadi hivihivi. Mama mkwe peke yake hakucheka. Aliniuliza kama wameondoka, nikamwambia bado. Akauliza tena, bado. Akavua viatu.

Simu yangu ilipoanza kuishiwa chaji nikaingia ndani. Kwenye soketi ya sebuleni nilikuta simu za waombolezaji zimelala sakafuni kama kambale waliovuliwa, na taa ya kijani haiwaki. Mtu alikuwa ameichomoa redio ili achaji simu. Sikuuliza ni nani. Gari halikuwa limesimama popote, ni sisi tuliokuwa tumeziba masikio. Nikachomoa simu ya kwanza niliyoigusa, nikachomeka redio, nikasubiri. Kigari kikaruka kutoka Lamadi mpaka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, pale mji unapoanza.

Nikatoka mbio. "Mayu, inuka. Wako kiwandani."

Viatu hatukuvikumbuka. Wifi alishika mkono mmoja, mimi mwingine, tukawa kama tumembeba, naye anatugombeza kwamba tutamng'oa mabega. Tulifika njia panda tunahema, na pikapu ndiyo kwanza inakata kona. Shemeji akasimama, akashusha kioo. Wifi akamkagua midomo kama ina mafuta ya samaki. Ilikuwa imekauka, imepasuka kwa vumbi. Wifi akatazama chini.

Mama mkwe akasema, "Zima gari kwanza. Sijasalimiana na mtoto."

Injini ikazimwa. Akaweka kiganja ubavuni mwa pikapu, akamsalimia kwa Kisukuma, salamu ile ndefu ya kuulizana safari, nyumba na ng'ombe. Kila alipouliza alinyamaza, kumpa mwanawe nafasi. Kimya cha kwanza kilipozidi, nikaitikia mimi.