Tetesi za Kipa wa Jedda

Timu yetu ya Riyadh ilikuwa na wachezaji kumi na sita, mashabiki kama sitini, na ofisi. Ofisi ndilo jina tulilowapa watu watatu: mwenyekiti, aliyekuwa dereva wa basi la shule, katibu, aliyelinda lango la hospitali, na mweka hazina, mpakiaji wa ghalani. Walikutana mtaa wa Batha kila Ijumaa mchana, kwenye meza ya nyuma ya hoteli moja ya ghorofani iliyopika ugali, na sisi wengine tulikaa meza za mbele tukiwachungulia. Wakicheka, tulisema wamepata mshambuliaji. Wakinyamaza, tulisema mshambuliaji ametukataa. Sote tulikuwa Wakenya, madereva, walinzi na watu wa mizigo, wa wimbi lile ambalo maajenti wa Nairobi walikuwa wakilisafirisha ndege kwa ndege, na hatukuwa na jambo lingine la kututoa akili kwenye kazi.

Nakiri kwamba mechi zenyewe hazikunisisimua sana. Nilichokipenda ni miezi ya joto kali, ligi ya wageni ikiwa imesimama, tukikisia nani anakuja na nani anaondoka. Usajili wetu haukufanana na ule wa kwenye televisheni. Hatukuuliza mchezaji anatumia mguu gani. Tuliuliza kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, ni nani na kama anampa Ijumaa. Kulikuwa na winga mmoja ambaye hakuna beki aliyemweza, lakini madam wake alikwenda kwa mamake kila Ijumaa na yeye ndiye aliyemwendesha, kwa hiyo hakutufaa kitu. Mwingine mkataba wake ulikuwa ukingoni, tukabishana wiki tatu nzima kama atarudi kutoka likizo. Kipa wetu alikwenda likizo na hakurudi. Golini akaingia mhudumu wa mkahawa aliyefumba macho kila mpira ulipomkaribia, tukamaliza msimu tukiwa wa pili kutoka mkiani.

Mimi nilikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Malaz. Asubuhi nilipeleka watoto shule, adhuhuri nikawarudisha, jioni nikampeleka madam madukani. Katikati ya hayo yote nilingoja. Nilingoja nje ya shule, nje ya kliniki, nje ya saluni, na nikingoja niliandika, kwa sababu kwenye grupu letu la simu mimi ndiye niliyekuwa na habari. Nilianza kwa mzaha. Nikaona watu wananiamini, nikanogewa. Nilijua mapema kwamba tetesi isiyo na kitu cha kushika haifiki mbali. Lazima uweke saa, rangi ya gari, mlango alioingia mtu. Wakaniita mkuu wa habari, nami nikavimba kichwa. Kwa bosi nilikuwa mtu wa kuhimizwa yalla, yalla, toka asubuhi hadi jioni. Kwenye grupu, watu wazima walikuwa wakingoja niseme.

Kipa wa Jedda nilimgundua mimi, na silisemi hili kwa kujisifu. Idi moja bosi aliipeleka familia yake Umra. Mimi ni Mkristo, Makka siingii, kwa hiyo niliwafikisha Jedda tu, wakaniacha mtaa wa Al-Hamra kwenye jumba la shemeji yake na kuendelea na dereva wa pale. Mlinzi wa jumba lile alikuwa Mkenya, mrefu, wa miaka kama ishirini na minane, mpole kupita kiasi. Tulikaa siku nne katika chumba chake cha langoni. Alasiri alisimama mbele ya mlango wa gereji, akavaa glovu, akaniambia nipige. Nilipiga mpaka kifundo cha mguu kikavimba. Ulipita mpira mmoja tu, na nadhani aliuachia kwa adabu, maana nilikuwa nimemzidi umri.

"Huku sichezi, mkubwa," aliniambia tukinywa chai. "Ijumaa wageni wanajaa, mimi ni kufungua gate na kufunga. Hizi glovu zimekaa kwa bag tangu nitoke home."

"Kafili anakusumbua?"

"Hapana, huyu ni mtu poa. Mshahara inakuja, chakula iko. Ni vile tu naweza maliza wiki sijaongea na mtu. Nikipata kazi huko Riyadh kwa watu wetu, nakuja hata kesho."

Maneno yale niliyabeba hadi Batha, na meza za mbele hazikuzungumza kitu kingine mwezi mzima. Mwenyekiti alisema, "Tutaangalia," jibu alilotoa kwa kila jambo. Na kweli kulikuwa na mengi ya kuangalia. Ili kipa ahame, ilibidi kafili wake akubali kumwachilia, kafili mwingine akubali kumchukua, kisha karatasi zizunguke maofisini wiki kwa wiki. Tulilijua hilo sote, maana kila mmoja wetu alikuwa amefungwa kwa karatasi kama zile. Lakini tukishakaa na sahani za ugali tulisahau, tukaanza kulaumu. Ofisi imelala. Ofisi haina watu wa maana. Mimi ndiye niliyelaumu kwa sauti kubwa zaidi.

Basi siku moja, nimeegesha karibu na shule ya watoto, nikamwona mwenyekiti anavuka barabara na kuingia jengo lenye kampuni ya ulinzi chini. Alikuwa na faili la kijani mkononi. Aliyewahi kufuatilia karatasi Saudia, hasa za ikama, kile kibali cha ukaazi, analijua faili lile; huendi dirisha lolote bila hilo. Nikatoa simu.

"Habari za uhakika," niliandika. "Chair ameonekana leo saa nne akiingia kampuni ya security hapa Malaz na faili ya kijani. Kazi ya kipa wa Jedda imepatikana. Kafili mpya ameshakubali. Halas, kipa anakuja."

Nilichokiona ni mtu na faili. Hayo mengine niliyaweka mwenyewe, kwa raha zangu, nikisubiri kengele ya shule. Lile la kafili kukubali niliongeza mwisho kabisa, kwa sababu habari ilionekana fupi.

Grupu lililipuka. Watu waliituma kwa wenzao wa Dammam, wa Dammam wakaituma kwa akina dada wanaofanya kazi za nyumbani Jedda, na mmoja wao, aliyekuwa jumba la jirani, akamwonyesha yule mlinzi kipa pale langoni. Wiki iliyofuata kipa alinitumia mimi. "Mkubwa, umeona hii? Ni ukweli?"

Niliisoma mara mbili. Jina langu lilikuwa limepotea njiani. Faili langu la kijani lilikuwepo, na saa nne yangu ilikuwepo, lakini chini yake paliongezwa kwamba kuna chumba kinamngoja Malaz, kwamba anaanza kazi mwanzo wa mwezi, kwamba jezi namba moja imewekwa. Hayo sikuyaandika mimi. Nikawaza: kumbe kuna mtu anayejua zaidi yangu, kumbe ofisi imefanya kweli. Nikaamini. Naona aibu kulisimulia hili, kwa sababu anayelisikia huniangalia kama mwongo anayejitetea, lakini ndivyo ilivyokuwa. Uongo wangu mwenyewe ulinirudia umevaa nguo za mtu mwingine, nikaufungulia mlango.

Nilimjibu, "Hata mimi nimesikia hivyo."

Maneno manne. Namba ya mwenyekiti nilikuwa nayo na ningeweza kumpigia dakika ile ile. Sikumpigia. Mkuu wa habari angempigiaje mtu simu kuuliza habari?

Kipa alifika Ijumaa, baada ya swala, bosi akiwa amelala, akanipigia. "Niko Batha kwa stage ya basi, mkubwa. Chair ako wapi?" Nilichukua gari na kwenda. Nilimkuta amesimama juani na begi moja, amenyoa, anatabasamu. Hakuwa amemuaga kafili wake, maana aliogopa angemzuia, na habari ilisema kafili mpya ameshamaliza kila kitu. Pasipoti aliiacha kwenye kabati la kafili. Tulipanda ngazi za hoteli yeye akiwa mbele, akiruka mbili mbili.

Mwenyekiti alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Huyu ni nani?"

"Ni kipa," nilisema. "Wa Jedda. Amekuja kwa ile kazi."

"Kazi gani?"

"Ile ya kampuni. Ulionekana na faili."

"Faili ni yangu," mwenyekiti alisema. "Ikama yangu imeisha mwezi mzima na kafili hashiki simu. Pale juu kuna mtu wa kusaidia karatasi. Nani alikwambia nilikuwa natafutia mtu kazi?"

Kipa alitoa simu, akaifungua ile habari, akaiweka mezani mbele ya ofisi. "Sasa hii iliandikwa na nani?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Meza za mbele zilijua. Kila mtu aliangalia sahani yake, kwa sababu nusu yao walikuwa wameituma na kuongeza chao. Mmoja tu aliinua macho akanitazama.

"Haijulikani," nilisema. "Hizi vitu zinazunguka tu."

Siku mbili tulimsihi arudi Jedda akaombe msamaha. Siku ya tatu alimpigia kafili wake. Alituambia kwamba yule mzee alimuuliza jambo moja tu, amemkosea nini, kisha akamwambia ameshakwenda kuripoti. Kafili akisharipoti kwamba umetoroka, ikama yako inaandikwa hurub kwenye kompyuta ya serikali, na kuanzia hapo huwezi kufanya kazi, kupanda ndege wala kuhamia kwa mtu. Wiki hiyo hiyo bosi wangu aliniuliza tukiwa njiani. "Yule haris, mlinzi wa shemeji yangu, amekimbia. Mkenya. Unamjua?"

"Mafi maalum, bosi," nilisema, yaani sijui.

"Walimpenda sana pale. Watoto wanamuuliza kila siku."

Niliendesha gari hadi shuleni. Niliogopa, na niseme wazi kwamba sikuogopa kwa ajili yake. Niliogopa kazi yangu.

Wachezaji wawili walimpa godoro kwenye chumba chao cha Batha, na hapo akakaa msimu wote wa joto, hatoki. Mwanzoni mashabiki walimpelekea chakula kwa zamu, kisha zamu zikaanza kurukwa. Mimi nilikwenda kila Ijumaa. Nilimkuta anarusha mpira ukutani na kuudaka, taratibu, wapangaji wa chumba cha pili wasilalamike. Alikuwa na swali moja. "Ofisi imesema aje?"

"Wanaangalia," nilimjibu.

Akaanza kukisia na yeye. Pengine mwenyekiti anangoja ligi ianze. Pengine kampuni ikimwona akicheza itamchukua hivyo hivyo. Pengine kafili atalegea, maana hana moyo mbaya. Alinieleza hayo kwa utulivu, moja baada ya jingine, nami niliyajua yote, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyaandika garini. Sikuwa na uso wa kumwambia aache.

Walimkamata wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Alikuwa ameshuka kununua mkate. Askari walikuwa kwenye uchochoro wakikagua ikama, wakaingiza namba yake, ikatoka hurub. Alikaa kizuizini majuma kadhaa kisha akapandishwa ndege, na kurudi tena Saudia hawezi. Mkataba wake wa Jedda ulikuwa umebakiza miezi minane. Vitu vyake vilibaki chumbani. Mhudumu wa mkahawa alianza msimu golini akiwa amevaa glovu za kipa wa Jedda.

Timu yenyewe haikudumu. Mwenyekiti alirudi nyumbani, katibu akahamishiwa mji mwingine, grupu likageuka la matangazo ya misiba na salamu za sikukuu. Mimi niliongeza mikataba miwili, kisha nami nikarudi. Kipa yuko kijijini kwao, anafyatua matofali, na kila mwaka joto la Riyadh linapofika miezi yake, hunitumia ujumbe. Mara moja alinitumia wa sauti. Alisema, "Mkubwa, nikikumbuka ile safari nakukumbuka wewe. Ni wewe peke yako ulikuja kunichukua kwa stage ya basi. Hao wengine walinicheza." Nilianza kumwandikia ukweli. Niliandika mistari mitatu, nikaifuta.

Yeye haulizi mambo yake. Anauliza, "Mwaka huu tumesajili nani?" Hajui kwamba hakuna timu, wala kwamba nami nilisharudi. Basi nakaa chini na kumwandikia. Beki wa kushoto kutoka Dammam, ameonekana Malaz akishuka kwenye gari jeupe saa kumi. Yule winga, madam wake amempa Ijumaa hatimaye. Naandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika, na yeye hunijibu kwa furaha, akitaka kujua zaidi. Kuhusu golini hajawahi kuniuliza. Huwa naongeza mwenyewe, mwisho kabisa, kwamba golini bado hatujapata mtu.