Mtu Mmoja Anayeitwa Ninyi

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani, mwaka ule volkano ilipopita katikati ya Goma, nilimkuta dokta Mwirani akimsalimia Mama Furaha, mpishi wa kituo chetu cha afya: "Ninyi mmeamkaje?" Mama Furaha akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Niliajiriwa kutafsiri Kifaransa cha dokta. Yeye akataka kusema Kiswahili mwenyewe. Maneno aliyatoa kitabuni, adabu akazitoa kwao. Alinieleza kwamba Kifarsi kina neno "to", yaani wewe, la mtoto na rafiki wa karibu. Mtu wa heshima ni "shoma", yaani ninyi, hata akiwa peke yake. Asipokuwepo ni "ishan", yaani wao. Nikamwambia sisi heshima tunaiweka kwenye maneno ya kuitana: papa, mama na muzee. Akaandika, akashukuru, akaendelea vilevile.

Mkubwa wetu, mganga mkuu, alikuwa mama mfupi wa Rutshuru. Alimkumbusha dokta mara nyingi kwamba yeye yuko mmoja. Dokta akamjibu: "Msijidharau."

Wakati wa uasi tulipeleka chanjo Sake, mganga mkuu akitufuata kwa pikipiki. Karibu na ziwa la Lac Vert waasi walikuwa wamefunga barabara kwa barieri. Kamanda wao akauliza mkubwa wetu ni nani. Kabla sijafungua mdomo, dokta akajibu: "Wao wako nyuma, wanakuja. Ni wakali sana."

Kamanda akashusha bunduki begani. "Bako bangapi?"

"Mmoja," dokta akasema.

Askari hawakumwamini, wakalala juu ya mawe ya volkano, mitutu ikitazama barabara. Nikaeleza shoma, nikaeleza ishan, na kila nilivyoeleza kamanda alizidi kutuona majasusi. Ndipo pikipiki ikatokea, mganga mkuu amepakiwa nyuma na sanduku la chanjo mapajani.

"Hawa ndiyo bao?"

"Ndio wao, muzee," nikasema.

Askari wakacheka mmoja baada ya mwingine. Kamanda hakucheka. Alimgeukia dokta. "Na mimi? Kwenu mungeniita namna gani?"

"Ninyi."

Kamanda akarudisha bunduki begani, akainua barieri kwa mkono wake.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza ni neno gani gumu kutafsiri kuliko yote, wakingoja neno la sheria au la udaktari. Nawaambia ni "wewe". Miaka yote ile sikulitamka kabla ya kumtazama vizuri ninayemwambia.